Theluji Si Mchanga

Wanawake wa Kizanzibari wa Stechford, mtaa mmoja wa Birmingham, walikuwa na namba za simu za watu wengi, lakini likiwafika la kuwafika walimpigia Sikuzani. Hakuwa mkubwa wao, wala hakuwa msemaji sana. Alikuwa na leseni. Mwenye mtoto wa kupeleka chanjo, mwenye gunia la mchele la kuchukua dukani, mwenye mgeni wa kupokea kwenye stesheni ya mabasi Digbeth, wote jawabu lao lilikuwa moja: "Mpigie Sikuzani." Naye huja na kigari chake cha rangi ya fedha, pindo la buibui kalikunja mapajani lisije likanasa kwenye klachi, midomo inatembea kwa dua kabla ufunguo haujazunguka.

Wasilolijua wanawake wale ni kwamba Sikuzani alikuwa mwoga. Kila akikaa nyuma ya usukani alitamani kushuka. Mtihani wa udereva ulimshinda mara mbili kwa kutetemeka tu, mara ya tatu akapasi huku machozi yanamlenga. Aliizoea hofu yake kama mtu anavyozoea jino bovu: halimpi raha, lakini amejua kutafunia upande wa pili.

Aliyemtia moyo wa kujifunza ni mumewe, Mwadini. Mwadini alifanya kazi kwenye ghala la mikate upande wa Erdington, zamu ya usiku, akichukuliwa na gari la wenzake. Udereva aliujua tangu kwao Jambiani, pwani ya Unguja, kabla hawajaja Uingereza, alipokuwa na pikapu kuukuu ya kubebea mwani. Wanawake wakishauanika ukakauka, yeye huingia na pikapu mpaka pwani kuchukua magunia. Barabara ngumu inapokwisha, husimama, hushuka, hupunguza upepo kwenye matairi yote, fyuuu, mpaka tairi inalala kidogo kama tumbo la paka aliyeshiba. Hapo gari hupita juu ya mchanga bila kuzama. Asiyelijua hilo huzama mpaka ubavuni, na watoto wakamzomea. Sikuzani alikuwa mmoja wa wanawake wa mwani. Siku ya kwanza kupewa lifti alikaa mbele, gunia mapajani, akamtazama yule kijana anavyopita pale walipokwama wengine, akasema moyoni: mtu huyu anajua anachokifanya. Na neno lile halikumtoka moyoni hata walipofika Birmingham, akazaliwa binti yao Thuwaiba, wakazoea mvua na mawingu.

Sasa, Februari ya mwaka 2009 ilishuka theluji ambayo hata Waingereza wenyewe waliishangaa. Shule zilifungwa. Mabasi yalisimama. Mtaa wote ukanyamaza, ukawa kama mtu aliyefunikwa shuka.

Nyumba ya pili kutoka kwa akina Sikuzani alikaa Bi Asmahan, mjane wa mjini Unguja, mwanawe wa pekee yuko Maskati. Mwana huyo alipoondoka alimshika Sikuzani mkono akamwambia, "Dada, mama yangu ni amana yako." Bi Asmahan alikuwa mgonjwa wa figo. Kila baada ya siku mbili tatu alikuwa akichukuliwa na gari la wagonjwa, akaenda kulazwa kwenye mashine ya kumsafishia damu, akarudi jioni amechoka lakini ana maneno yake. Theluji ilipoanguka, gari la wagonjwa lilishindwa kuingia mtaani, akaikosa mashine. Siku iliyofuata wakamwambia asubiri. Asubuhi ya siku ya pili yake Sikuzani aliingia na uji, akamkuta amekaa kitandani, mito imemzunguka, hawezi kulala chali. Pumzi yake ilikuwa na sauti, kama maji yanayochemka mbali.

"Bi Asmahan, umelala hivyo usiku kucha?"

"N'lale vipi, mwanangu? Nikilala nazama."

Sikuzani alifunua shuka akaitazama miguu. Ilikuwa imeumuka kama unga uliotiwa hamira. Aliubonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki pale pale, halikurudi.

Nesi wa hospitali alipiga simu wakati huo huo. Alisema wana nafasi ya mashine, lakini mgonjwa afike kabla ya adhuhuri, na kwamba kwa hali anayoelezwa hatakiwi kungoja kesho.

"Nikwitie gari la dharura?" Sikuzani aliuliza.

"Wee! Mara ile walin'toa mlangoni kichwa wazi, mtaa mzima unanitazama. Na leo hilo gari lao litapita wapi? Au wao wana mbawa?" Bi Asmahan alipumua, akasubiri pumzi nyingine ije. "Wewe si una gari?"

Sikuzani alitoka nje akasimama kizingitini. Gari lilikuwa limegeuka kichuguu cheupe. Hospitali haikuwa mbali. Siku njema ni mwendo wa nyimbo mbili tatu za redioni. Lakini siku ile hata paka hakuonekana njiani. Alimpigia Mwadini, ambaye zamu yake ilikwisha alfajiri na bado alikuwa amekwama ghalani pamoja na wenzake.

"Baba Thuwaiba, Bi Asmahan hali yake si nzuri. Anapumua kama anayebeba mzigo. Wanamtaka kabla ya adhuhuri."

"Ningojee, naja kwa miguu."

"Kutoka huko? Utafika lini?"

Sikuzani alisikia watu wakicheka nyuma ya Mwadini, na mlio wa mlango wa chuma.

"Barabara ikoje?" Mwadini akauliza.

"Nyeupe."

"Nyeupe laini au ngumu?"

"Nijuaje mie? Nyeupe tu. Kama mchanga wa Jambiani."

"Ehee! Umesema mwenyewe." Sauti yake ilichangamka. "Basi dawa yake si unaijua? Punguza upepo. Matairi yote manne. Tairi ilale kidogo, ishike. Halafu uende taratibu, usisimame ovyo. Umen'sikia, mama Thuwaiba? Umeniona nikifanya mara ngapi?"

"Nyingi."

"Basi."

Wallahi, ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile moyo wa Sikuzani kutulia. Katika mji huu ambamo kila kitu alifundishwa upya, hata kuvuka njia, hatimaye palikuwa na jambo alilolijua yeye na mumewe tangu kwao. Alichuchumaa kwenye theluji, akachomoa pini ya mtandio, akaibonyeza kwenye kipua cha tairi. Fyuuu. Vidole vilikufa ganzi. Akaenda la pili, la tatu, la nne. Thuwaiba, wa miaka mitano, alisimama na koti lake la shule akimtazama mama yake anavyohangaika. Mtoto huyo Kiswahili alikisikia chote, lakini jawabu lake lilikuwa Kiingereza cha Birmingham.

"It's slippy, Mom!"

"Najua kunateleza. Simama hapo hapo, usikimbie."

Kumwacha mtoto hakukuwa na wa kumwachia. Akamfunga mkanda kiti cha nyuma. Bi Asmahan alitoka amejitanda kanga mbili juu ya koti, ameegemea bega la Sikuzani, kila hatua anasimama.

"Polepole, wewe mwana. Mie si gunia la mwani."

"Ungekuwa gunia ningekubeba kichwani, tungeshafika."

Bi Asmahan alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Sikuzani akajuta kumchekesha. Alimkalisha nyuma pia, karibu na mtoto, ili aegemee mlango na miguu apate kuinyoosha kidogo.

Basi wakaondoka. Mtaani kwao, palipokuwa tambarare na theluji bado changa, gari lilikwenda. Likakoroma, likasogea, na Sikuzani akasema, Alhamdulillahi, Mwadini hajakosea. Lakini walipofika njia kubwa aliona usukani umekuwa mzito, mvivu. Anaugeuza, gari linafikiri kwanza, ndipo linageuka. Ilikuwa kama kuendesha juu ya godoro. Akasema labda ndivyo inavyotakiwa. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Kwenye kioo aliona uso wa Bi Asmahan umeegemea dirishani, macho yamefumba, midomo imeingia rangi asiyoipenda.

"Bi Asmahan?"

"Nipo."

"Zungumza, basi."

"Nikizungumza nani atapumua?"

Baada ya kona kuna mteremko unaoshuka mpaka kwenye daraja la reli. Sikuzani alikuwa ameupita mara zisizo idadi na hakuwahi kuuita mteremko. Asubuhi ile magari machache yaliyotangulia yalikuwa yameikanyaga theluji mpaka ikawa ngumu, inang'aa, kama sahani iliyooshwa. Alipouona mng'ao ule, mguu wake ulikanyaga breki wenyewe, wala yeye hakuuamuru.

Gari halikusimama.

Hapakuwa na kelele. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Magurudumu yalikuwa yameganda, hayazunguki, na gari linashuka vile vile, kimya, limeanza kwenda ubavu. Alizungusha usukani kulia, halikusikia. Kushoto, halikusikia. Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Chini kule, karibu na daraja, mwanamke alikuwa akivuka na kigari cha mtoto mchanga, kichwa kainamisha kwa baridi, hana habari. Sikuzani alitaka kupiga honi, mkono ukaikosa honi. Mwanamke yule akawa mkubwa, akawa karibu, skafu yake ya kijani ikaonekana nyuzi zake.

Gurudumu la mbele likagonga ukingo wa njia ya miguu. Gari likatikisika, likageuka nusu, likasimama limekaa mshazari katikati ya mteremko.

Mwanamke mwenye skafu alinyanyua uso, akatazama, akaendelea zake akisukuma mtoto wake.

"Mom," Thuwaiba alisema polepole, "did we nearly squash the baby?"

Sikuzani alikuwa akiwaza hilo hilo: walikaribia kumponda yule mtoto mchanga. Mikono yake ilikuwa bado imeshika usukani na hakujua namna ya kuiondoa. Bi Asmahan nyuma alikuwa akisoma dua kwa pumzi fupi fupi, neno moja, pumzi, neno moja.

Gari jingine likatokea juu ya mteremko. Sikuzani aliliona kwenye kioo, akafumba macho kungoja kishindo. Kishindo hakikuja. Ilikuwa teksi nyeusi ya watu wengi, nayo ilishuka kama bibi harusi, haiharakishi wala haisiti, ikawapita, ikaenda kusimama chini kwenye tambarare. Dereva alishuka akapanda kwa miguu akishikilia ukuta. Mtu mrefu, ndevu za hina. Aliinama dirishani, akaona kanga.

"Mama, mko salama?"

"Wewe unasema Kiswahili?"

"Mimi Msomali, naitwa Abdow. Nimekaa Nairobi, Eastleigh, hata kabla ya kupelekwa Sweden. Kiswahili kiko." Kisha akatazama chini, akalizunguka gari zima. Aliporudi uso ulikuwa umebadilika. "Walahi, mama, tairi zako zote nne zina pancha?"

"Hazina pancha. Nimezipunguza upepo."

"Umezipunguza wewe? Kwa mkono wako?"

"Kwa sababu ya theluji. Kwetu, mchangani, gari likizama..."

Abdow hakucheka. Alimtazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyemeza kitu. "Mama, theluji si mchanga. Mchanga unataka gari ielee juu. Barafu inataka tairi iume. Hii yako umeitoa upepo, na meno ya baridi haina. Itauma na nini? Na ufizi?"

"Mume wangu ndiye..."

"Mume wako kwao ni dereva mzuri, sina shaka. Mimi mwaka wa kwanza Sweden nilijaza mawe kwenye buti ya gari, huko nyuma, ili iwe nzito. Nikaingia msituni na mawe yangu." Alipangusa theluji kwenye ndevu. "Ukitaka kujua, ukifika chini gusa yangu, halafu uguse yako. Mpira wangu ni wa baridi, uko laini kama sikio. Wako umekauka kama kiatu cha mti. Na kwenye barafu breki ni adui, mama. Unaanza kupunguza mwendo mbali, kwa gia, ukiwa bado huoni sababu. Mahali kama hapa hufiki na mwendo, unafika umeshakwisha tulia. Lakini na tairi hizi, hata ukijua yote hayo, usiende."

"Nina mgonjwa wa figo," Sikuzani alisema. "Wanamtaka kabla ya adhuhuri. Akikosa leo..."

Abdow alichungulia nyuma. Alisikia ile pumzi. "Ninapeleka manesi wa hospitali hiyo hiyo, wamejaa. Kiti kimebaki kimoja."

Kimoja. Sikuzani alimtazama Bi Asmahan, akamtazama Thuwaiba. Amana hupewi ukaigawa njiani kwa mtu uliyemjua punde tu. Akimfia mle ndani ya teksi, katikati ya watu wasiojua hata jina lake, atamwambia nini mwanawe wa Maskati? Nilimpa mtu mwenye ndevu, kwenye mteremko, sikumuuliza hata anakaa wapi? Na akimzuia, je? Hilo jengine hakutaka hata kulifikiri.

"Siendi," Bi Asmahan alisema kabla hajaulizwa. "Kiingereza changu mie ni 'yes' na 'sorry'. Watan'kata mguu, niseme 'yes'."

"Manesi ni wanawake, Bi Asmahan. Wanakwenda huko huko."

"Na wewe?"

"Nakuja nyuma yako."

"Na nini? Na hili?"

"Na miguu yangu."

Bi Asmahan alimtazama. Jicho la mtu mzima linajua. "Wewe unatetemeka, mwanangu."

"Natetemeka. Lakini nenda."

Walimshusha wawili, Abdow upande huu na nesi mmoja aliyepanda kusaidia upande wa pili. Sikuzani aliwatazama wanavyoteremka hatua hatua, kanga inaburura kwenye theluji. Nesi alikuwa ameushika mkono wa Bi Asmahan kwa mikono yake yote miwili. Kabla ya kuingia kwenye teksi, Abdow aligeuka akapaza sauti:

"Mama! Usikae ndani ya gari! Toa mtoto! Simameni juu, nyuma ya ukuta! Watu wengine watashuka!"

Teksi ikaondoka taratibu, ikapita chini ya daraja, ikapotea.

Upepo ulikuwa unachoma. Sikuzani alimtoa Thuwaiba, wakasimama nyuma ya ukuta wa bustani ya watu, na baada ya muda kidogo mtoto akaanza kulia kwa baridi. Kofia yake ya pinki na mkoba wake vimebaki kwenye kiti. Alitaka kurudi ndani. Mle mna joto bado, alisema, mna blanketi, why can't we, Mom, why. Sikuzani aliitazama midomo ya mtoto ikitetemeka. Akafikiri: mama gani huyu, anamgandisha mwanawe nje na gari lipo? Akamshika mkono, wakatoka nyuma ya ukuta, wakalifikia gari. Akafungua mlango wa nyuma. Joto likamgusa uso. Thuwaiba alishanyanyua mguu mmoja kuingia.

Sikuzani mwenyewe hakuweza kueleza baadaye ni nini kilichomshika. Aliona tu vidole vyake kwenye mlango, vyekundu, na akakumbuka gari lilivyokuwa likishuka kimya. Kama lake halikupiga kelele, la mwenziwe litapiga? Akamvuta mtoto kwa nguvu mpaka akapiga kite, akambeba, akapanda naye mbio za kuteleza, goti likagonga chini, akainuka, akaingia nyuma ya ukuta.

Gari la mizigo jeupe lilitokea kwenye kona. Dereva alifanya kile kile alichofanya Sikuzani: aliuona mng'ao, akakanyaga breki. Likashuka ubavu, pana kama mlango wa nyumba, kimya, kimya, kimya, mpaka pale kishindo kilipokuja.

Vioo vilimwagika kwenye theluji kama chumvi juu ya chumvi. Kigari cha rangi ya fedha kilisukumwa mpaka kwenye nguzo ya taa na kikajikunja upande wa nyuma, pale pale alipokuwa amekaa Bi Asmahan, pale pale alipokuwa amefungwa mkanda Thuwaiba. Kiti kilikuwa hakipo tena. Palikuwa na bati tu.

Dereva wa gari la mizigo, Mwingereza mtu mzima, alitoka akianguka na kuinuka. Alichungulia ndani, akaona kofia ya pinki. Akaanza kupiga ukelele, anavuta bati kwa mikono mitupu, anauliza kwa Kiingereza kuna mtoto, kuna mtoto humu? Sikuzani alitoka nyuma ya ukuta na Thuwaiba kifuani. Alitaka kusema hapana, hakuna, tupo hapa, lakini Kiingereza chote kilikuwa kimemkimbia. Yule mtu alipogeuka akawaona, aliketi chini kwenye theluji kama alivyo, akafunika uso na viganja vinavyotoka damu, akalia. Sikuzani alimsogelea, akamwekea mkono begani. Wakakaa hivyo, watu wasiojuana, mpaka majirani walipotoka na mablanketi na chai, na mmoja wao akaichomoa ile kofia kwenye bati.

Alikwenda hospitali kwa miguu, mtoto mgongoni amefungwa na blanketi la watu, akishika uzio wa kila nyumba. Goti lilikuwa limevimba. Njia nzima hakuwa akiwaza gari. Alikuwa akiwaza ile pumzi iliyokuwa kama maji yanayochemka. Kila akivuka kona alijiambia atakuta kitanda kitupu, na nesi atamvuta pembeni, kama wanavyofanya wakiwa na habari.

Mlangoni alitaja jina. Wakamwonyesha ukumbi. Akapita vitanda, mashine zinazunguka, wagonjwa wamefumba macho. Bi Asmahan alikuwa wa mwisho dirishani. Chali. Kimya. Mdomo wazi kidogo. Sikuzani alisimama. Hakuweza kuimaliza hatua iliyobaki.

Jicho moja likafunguka.

"Umechelewa," alisema Bi Asmahan. "Na huyu kwa nini ana kiatu kimoja?"

Kumbe kweli, kiatu kimoja cha Thuwaiba kilikuwa kimepotea njiani. Sikuzani alikaa ukingoni mwa kitanda akacheka na kulia pamoja, akijifuta kwa pembe ya mtandio, na damu ya Bi Asmahan inapita kwenye mirija, inatoka, inarudi.

"Gari umeliweka wapi?" Bi Asmahan akauliza.

"Mtelemkoni."

"Hawalipigi faini?"

"Hapana. Pumzika, Bi Asmahan."

Hakumwambia siku ile.

Saa za mchana Mwadini aliingia ukumbini anakimbia. Alikuwa ametembea kutoka ghalani mpaka Stechford, hakuwakuta, akafuata njia ya hospitali, na njia ile inapita mteremkoni. Aliliona gari. Aliona kiti cha nyuma. Hapakuwa na mtu wa kumwambia kitu, majirani walishaingia ndani. Kutoka pale mpaka hospitali alikuja anajua amezika. Alipowaona, mke amekaa, mtoto amelala miguuni pa Bi Asmahan, alishika chuma cha kitanda.

"Tupo, baba Thuwaiba," Sikuzani alisema kwa sauti ya chini. "Wote tupo."

"Yale matairi..."

"Yalizidi kuteleza."

"Mie ndiye niliyekwambia."

"Na mie ndiye niliyesema ni kama mchanga. Kaa chini. Miguu yako imelowa."

Akakaa. Sikuzani alimvua soksi, akaipasha miguu yake kwa viganja vyake, mmoja baada ya mwingine, kama anavyoipasha ya mtoto. Mwadini alitazama ukutani.

Kabla ya theluji ya Desemba iliyofuata walikuwa na gari jingine, kuukuu kuliko lile, na Abdow, waliyekwenda kumshukuru, alimtafutia Mwadini matairi ya baridi. Mwadini aliyavalisha mwenyewe, akayatia upepo kama ilivyoandikwa mlangoni mwa gari, hakupunguza hata pumzi. Wanawake wa Stechford waliendelea kumpigia Sikuzani, lakini sasa walimkuta na neno jipya. Asubuhi moja ya barafu shoga yake alitaka apelekwe Erdington kwenye hina.

"Leo siendi, shoga."

"Huendi? Na matairi yako ya kifalme? Au leseni umeiweka kabatini inazeeka?"

"Inazeeka, ndiyo. Na mie nataka kuzeeka nayo. Harusi mtanisimulia."

Lakini theluji ilipozidi na gari la wagonjwa likashindwa tena kufika, alitoka. Alipangusa vioo vyote, si tundu la kuchungulia tu. Akabonyeza matairi kwa dole gumba, moja moja. Hofu yake ipo vile vile. Mteremko ule wa reli hakuupita. Alizunguka njia ndefu iliyomwagwa chumvi, gia ya pili, gari la mbele kaliacha mbali mpaka watu wengine wakawa wanajiingiza katikati, naye akalegeza mwendo tena.

Bi Asmahan alikaa mbele safari hii, mkoba wake mapajani, anahesabu wanaowapita.

"Wewe mwana, hata baiskeli imetupita."

"Iache ipite, Bi Asmahan."

"Na yule mzee na mbwa wake, yule pale, naye anatupita kwa miguu."

"Naye mwache," alisema Sikuzani, macho hayatoki barabarani.